PETE YA UCHAWI NA PETE YA MPIRA

Katika masoko yetu mengi hukosi kumwona mtu aliyetandika kitambaa chini na kupanga juu yake pete za kila namna. Anawaambia wapitao: «Hii huleta kazi, hii huleta mali, hii humfanya mkubwa wako akupende.» Watu husimama na kusikiliza, na wengine hufungua mifuko yao. Si mbali na hapo, kijana wa fundi amelala chini ya kamioni. Ametoa ndani ya chuma pete nyingine, nyeusi, ya mpira, isiyo nene kupita kamba ya kiatu. Ameitazama mwangani, ameona ufa mdogo, ameitupa katika takataka na kutia mpya. Hakuna aliyesimama kumtazama.

Pete hizi mbili zina historia ndefu. Ya kwanza imesimuliwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili, wala haijainua hata jiwe moja. Ya pili huinua milima ya udongo kila siku, hata katika mashimo ya shaba ya Katanga. Lakini tusiharakishe kuwacheka watu wa kale. Wenye hekima waliosimulia habari za pete za uchawi hawakuwa wajinga. Walikuwa wakiuliza swali kubwa: mtu akipewa nguvu, tena asionekane na mtu, atafanya nini? Tutaona kwamba swali hilo lilirudi katika mwaka 1986, na safari hiyo halikuwa hadithi, maana watu saba walikufa.

1. Mchungaji wa Lidia

Hadithi iliyo maarufu kupita zote iliandikwa na Plato, mwenye hekima wa Wagiriki, katika kitabu chake juu ya mji wa haki, karibu miaka 375 kabla ya Kristu. Anayeisimulia humo ni Glaukoni, ndugu yake Plato. Habari yenyewe ni hii.

Palikuwa na mchungaji mmoja katika nchi ya Lidia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Alichunga kondoo wa mfalme. Siku moja ikanyesha mvua kubwa, nchi ikatetemeka, na ardhi ikapasuka mahali pale alipokuwa akichunga. Akashuka katika shimo. Humo akaona farasi wa shaba, mwenye uwazi ndani yake na milango midogo. Akachungulia, akaona maiti kubwa kuliko mtu wa kawaida, isiyo na kitu mwilini ila pete ya dhahabu kidoleni. Akaitwaa pete, akatoka.

Wachungaji walikuwa na mkutano kila mwezi, ili wampelekee mfalme habari za mifugo yake. Yule mchungaji akaenda na pete yake kidoleni. Alipokuwa ameketi kati ya wenzake, akaigeuza bila kufikiri, jiwe la pete likaelekea ndani ya kiganja. Mara akawasikia wenzake wakimsema kama mtu aliyekwisha kuondoka. Akaligeuza jiwe nje, wakamwona tena. Akajaribu mara nyingine, na mambo yakawa yale yale. Basi alipojua siri, hakukawia. Akajitia kati ya wajumbe waliotumwa kwa mfalme. Huko akamshawishi malkia, na pamoja naye akamwua mfalme na kuutwaa ufalme.

Glaukoni hakusimulia hayo kwa kufurahisha watu. Alisema: Tuseme kwamba zipo pete mbili za namna hii. Moja tumpe mtu mwema, ya pili tumpe mtu mwovu. Je, yule mwema ataacha kuiba sokoni, hali hakuna awezaye kumwona? Yeye alifikiri kwamba wote wawili watapita njia moja. Kwamba watu hutenda haki kwa kuogopa kuonekana tu. Sokrate hakukubali. Mwishoni mwa kitabu anasema kwamba haki ni uzima wa roho yenyewe, na mtu yampasa aitende akiwa na pete ya Gige au asiwe nayo.

Gige ni jina la mfalme wa kweli. Alitawala Lidia katika karne ya saba kabla ya Kristu, na maandiko ya wafalme wa Asiria yanamtaja. Mwandishi Herodoto naye alisimulia jinsi alivyoupata ufalme kwa kumwua bwana wake, lakini katika habari yake hamna pete. Mroma Cicero, alipomwandikia mwanawe juu ya wajibu wa mtu katika mwaka 44 kabla ya Kristu, aliikumbuka pete hiyo. Wako waliosema kwamba hadithi hiyo ni bure, kwa kuwa pete ya namna hiyo haipo. Cicero aliwajibu kwamba hawakufahamu swali. Haulizwi kama pete ipo. Unaulizwa wewe ungefanya nini kama ungekuwa nayo.

2. Muhuri wa Solomoni

Kwa nini watu wa kale walidhani kwamba nguvu hukaa katika pete, wala si katika kofia au fimbo? Sababu moja si ya uchawi hata kidogo. Zamani pete ilikuwa muhuri. Mkubwa alipokwisha kuandika barua, aliifunga kwa nta au udongo laini, akagandamiza pete yake juu. Aliyeshika pete ya mfalme alishika neno la mfalme. Katika Maandiko Matakatifu twasoma kwamba Farao alimvika Yosefu pete yake alipomweka juu ya nchi yote ya Misri, na kwamba jiwe lililoziba tundu la simba alimotupwa Danieli lilitiwa muhuri kwa pete ya mfalme, lisifunguliwe na mtu.

Hata Baba Mtakatifu ana pete ya namna hiyo. Huitwa Pete ya Mvuvi, kwa sababu ya Mtume Petro. Papa Klementi IV aliitaja katika barua ya mwaka 1265. Kwa karne nyingi ilitumika kuzitia muhuri barua za Mapapa, mpaka katika mwaka 1842 ulipowekwa muhuri wa wino mwekundu mahali pake. Papa akifa, pete yake huharibiwa mbele ya Makardinali. Maana yake ni nini? Kwamba mamlaka si mali ya kidole kilichoivaa.

Toka muhuri wa kweli, hadithi zikazaliwa. Kuna kitabu cha Kigiriki cha karne za kwanza za Ukristu, kiitwacho Agano la Solomoni, ambacho Kanisa halikukiweka kamwe kati ya vitabu vya Biblia. Kinasimulia kwamba pepo mbaya alimwonea kijana mmoja aliyefanya kazi katika ujenzi wa Hekalu. Alimnyang'anya nusu ya mshahara wake na nusu ya chakula chake, tena alimnyonya kidole gumba, kijana akakonda. Solomoni akaomba, naye Malaika Mikaeli akamletea pete yenye muhuri. Kwa pete ile akawashurutisha pepo wachonge mawe ya Hekalu.

Waarabu nao walisimulia habari za pete hiyo, na hadithi zao zikafika pwani ya Afrika ya Mashariki pamoja na mashua zao. Katika Alfu Lela Ulela mnamo mvuvi maskini aliyetupa wavu wake baharini akavua chupa ya shaba. Mdomo wake ulizibwa kwa risasi, na juu ya risasi palikuwa na muhuri wa Solomoni. Alipoung'oa, moshi ukatoka, ukawa jini mkubwa mwenye hasira, akataka kumwua. Mvuvi hakuwa na silaha ila akili. Akamwambia: «Siamini kwamba mwili mkubwa kama wako uliweza kukaa ndani ya chupa hii.» Jini akaingia tena ili amwonyeshe, na mvuvi akaziba haraka.

Ndugu msomaji, ikumbuke chupa hiyo. Nguvu kubwa imefungwa ndani ya shaba, na kinachoizuia ni kizibo kidogo mdomoni. Tutaikuta tena gerejini.

3. Dhahabu yenye laana

Watu wa kaskazini ya Ulaya walikuwa na pete yao. Vitabu vilivyoandikwa katika kisiwa cha Iceland katika karne ya 13 vinasimulia habari za kibeti Andvari. Alinyang'anywa dhahabu yake yote, hata pete ya mwisho aliyotaka kuificha, naye akailaani: itamwua kila mwenye kuwa nayo. Ikawa hivyo. Fafnir alimwua baba yake kwa ajili ya dhahabu hiyo, akageuka joka akiilalia. Kijana Sigurd akamwua joka, akaitwaa dhahabu, naye pia akauawa. Mjerumani Richard Wagner alizitumia hadithi hizo kutunga michezo minne ya nyimbo, iliyoonyeshwa yote pamoja mara ya kwanza katika mwaka 1876 huko Bayreuth.

Baada yake akaja J. R. R. Tolkien, Mkatoliki, mwalimu wa lugha za kale katika chuo kikuu cha Oxford. Alizaliwa Afrika, mjini Bloemfontein, katika mwaka 1892. Baba yake alikufa angali mtoto mdogo. Mama yake, aliyeingia Kanisa Katoliki katika mwaka 1900 na kuachwa na baadhi ya jamaa zake kwa sababu hiyo, alikufa katika mwaka 1904. Padri Francis Morgan akawalea watoto wake wawili.

Katika mwaka 1937 Tolkien alitoa kitabu cha watoto, The Hobbit. Humo mtu mfupi anaokota pete katika giza chini ya mlima, na akiivaa haonekani, sawasawa na mchungaji wa Lidia. Baadaye, katika miaka 1954 na 1955, alitoa kitabu kikubwa, The Lord of the Rings, na hapo pete ile ikafunua ubaya wake. Kila aivaaye hupungukiwa moyo wake kidogo kidogo, hata kama alitaka kuitumia kwa mema. Wenye hekima katika hadithi hiyo wanakataa kuitwaa iwe yao. Dawa ni moja tu: kuirudisha katika moto ilikotoka iyeyuke. Glaukoni aliuliza mtu ataitumiaje pete. Tolkien alionyesha jinsi pete inavyomtumia mtu.

Basi uwekeni moyoni mwaka ule wa 1937. Maana mwaka ule ule, ng'ambo ya bahari, mzee mmoja aliandikisha pete nyingine kwa serikali ya Amerika.

4. Kinu na mchi wa chuma

Kabla ya kumjua mzee huyo, yafaa tujue kazi iliyomsumbua. Katika karne ya 17 Mfaransa Blaise Pascal aliandika juu ya nguvu ya maji yaliyofungwa. Alieleza hivi: chukua chombo kilichojaa maji, kisicho na njia ya kutokea ila matundu mawili, moja kubwa mara mia kuliko lingine, na kila tundu lina mchi unaolijaza barabara. Mtu mmoja akisukuma mchi mdogo, atashindana na watu mia wanaousukuma mchi mkubwa. Maandiko hayo yalichapwa katika mwaka 1663, baada ya kufa kwake.

Je, huu si uchawi? Sivyo. Maji hayakubali kubanwa yakapungua. Ukiyasukuma mahali pamoja, yanasukuma pande zote kwa nguvu sawa juu ya kila kipande cha ukuta. Mchi mkubwa una vipande mia, basi hupata misukumo mia. Lakini hakuna cha bure: ili mchi mkubwa upande kidole kimoja, ule mdogo yapasa ushuke vidole mia. Kila mtu aliyeinua kamioni kwa kriki ya mafuta anajua hayo: anapiga mpini mara nyingi, na gari linapanda kidogo kidogo.

Watu walilijua neno hilo kwa zaidi ya miaka mia bila kulitumia sana. Kwa nini? Kwa sababu ya kitu kidogo. Mchi lazima utembee ndani ya kinu. Kama unatembea, basi kuna nafasi nyembamba kati yake na ukuta. Na kama kuna nafasi, maji hutoka. Kadiri unavyosukuma kwa nguvu, ndivyo yanavyotoka kwa hasira. Ukikaza kizibo hata tone lisipite, mchi nao unakwama. Jini halikai ndani ya chupa isiyo na muhuri.

Mwingereza Joseph Bramah, fundi mashuhuri wa makufuli mjini London, aliandikisha mashini yake ya kugandamiza kwa maji katika mwaka 1795. Lakini kizibo kilimshinda. Aliyekipata, kama alivyosimulia baadaye fundi James Nasmyth, alikuwa kijana mfanyakazi wake, Henry Maudslay. Kijana huyo aliweka shingoni mwa kinu ukanda wa ngozi uliokunjwa kama kikombe, uwazi wake ukielekea kwenye maji. Maji yaliposukuma, yaliingia katika kikombe na kuipanua midomo yake, mmoja ukashikamana na mchi, wa pili ukashikamana na ukuta. Maji yalipolegea, ngozi nayo ililegea, na mchi ukarudi bila shida.

Tazameni akili hiyo! Maudslay hakupigana na maji kwa kuongeza misumari. Aliifanya nguvu ile ile inayotaka kutoroka iufunge mlango wake yenyewe. Kadiri adui anavyosukuma, ndivyo mlango unavyokazika.

Maudslay alipata shilingi 30 kwa juma. Alikuwa na mke na watoto, akaomba nyongeza, akakataliwa. Katika mwaka 1797 akaondoka, akafungua karakana yake mwenyewe, akawa mmoja wa mabwana wakubwa wa ufundi wa chuma katika Ulaya. Mashini ile ikaendelea kuitwa kwa jina la Bramah.

5. Mzee Christensen na mpira

Ngozi ilitumika kwa zaidi ya miaka mia, lakini ilikauka na kupasuka, na kuikata kulihitaji mkono wa fundi. Ndipo mpira ukashika nafasi yake.

Mpira tunaujua sisi watu wa Kongo, tena kwa uchungu. Katika mwaka 1839 Mwamerika Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na kiberiti cha unga, hauyeyuki tena kwa joto wala kupasuka upesi kwa baridi. Toka hapo Ulaya na Amerika ziliutaka kwa njaa kubwa. Katika siku za Dola Huru la Kongo, toka 1885 mpaka 1908, watu wa vijiji walishurutishwa kwenda msituni kuchanja kamba za mpira. Wasiotimiza kiasi walipigwa, wake zao walifungwa, wengine walikatwa mikono au waliuawa. Na katika vita vikuu vya pili, Wajapani walipokwisha kuzitwaa nchi za mashamba ya mpira katika Asia mwaka 1942, watu wa Kongo walirudishwa tena msituni kuutafuta. Tukishika pete nyeusi ya mpira mkononi, tusisahau kwamba hata vitu vidogo vina damu katika historia yao.

Niels Christensen alizaliwa Denmark katika mwaka 1865, akahamia Amerika katika mwaka 1891. Kwanza alifanya kazi juu ya freni za hewa za magari ya reli mijini. Alipokuwa mzee alirudia kizibo cha pistoni. Pete za mpira za mviringo zilikuwako tayari. Neno gumu lilikuwa kuzifanya zidumu penye pistoni inayokwenda na kurudi. Baada ya kujaribu vipimo vingi, alipata siri, nayo haikuwa katika pete peke yake. Ilikuwa katika mfereji inamokaa. Mfereji ukiwa mwembamba mno, pete inabanwa, inasuguliwa, inakufa. Lakini ukiwa mpana kidogo kuliko pete, na kina chake kikiwa pungufu kidogo ya unene wa pete, basi pete inabonyezwa kiasi na inapata nafasi ya kujisogeza. Mafuta yakisukuma, yanaisukumia pete upande wa pili wa mfereji. Inabadili umbo kidogo na kuziba nafasi ile nyembamba. Mafuta yakizidi nguvu, nayo inazidi kuziba. Kumbe ni hekima ile ile ya kikombe cha ngozi!

Alipeleka maombi yake katika mwaka 1937, akiwa na miaka 72, na hati ikatolewa katika mwaka 1939. Vita vilipokuja, serikali ya Amerika ilizitwaa haki za uvumbuzi huo ili viwanda vyote viweze kuzitengeneza pete hizo kwa ndege na mashini za vita, naye akalipwa dola 75,000. Alikufa katika mwaka 1952. Jamaa zake walishitaki, na katika mwaka 1971 wakapewa dola 100,000 zaidi.

Leo pete yake iko kila mahali: katika bomba la maji la nyumbani, katika magurudumu ya ndege yanayokunjwa tumboni mwake, katika mikono ya katapila. Lakini si mpira wowote unaofaa mafuta yoyote. Mpira wa mti ukikaa katika mafuta ya petroli huvimba na kuwa laini kama mkate uliolowa. Kwa hiyo pete za mashini za mafuta hutengenezwa kwa mpira wa viwanda, uliovumbuliwa Ujerumani katika miaka ya 1930. Tena freni za motokari zina mafuta yake ya pekee, na mipira yake ilichaguliwa kwa mafuta hayo. Mtu akikosa mafuta ya freni akatia ya mashini, mipira huvimba, na siku moja gari halisimami. Watu wamekufa mlimani kwa kosa hilo, na kosa lenyewe halionekani kwa nje.

6. Asubuhi ya baridi

Sasa tufike mwaka 1986. Wamerika walikuwa na chombo cha kuwapeleka watu juu ya anga, jina lake Challenger. Kilipandishwa kwa msaada wa roketi mbili kubwa, zilizoungwa kwa vipande kama mapipa yaliyowekwa moja juu ya jingine. Katika kila kiungo palikuwa na pete mbili za mpira, ili moto wa ndani usipate njia ya kutokea. Kila pete ilikuwa na upana wa zaidi ya meta 3 na nusu kutoka ukingo mpaka ukingo, lakini unene wake ulikuwa milimeta 7 tu.

Mafundi walijua kwamba pete hizo zina ugonjwa. Baada ya safari moja iliyofanywa katika baridi, mwezi wa Januari 1985, waliona masizi meusi yaliyopita pete ya kwanza. Tarehe 31 Julai 1985 fundi mmoja, Roger Boisjoly, aliwaandikia wakubwa wake kwamba neno hili lisipotengenezwa laweza kuleta maafa na kupoteza maisha ya watu. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 baridi ilikuwa kali huko Florida. Mafundi wakasema kwa simu: Tusirushe, mpaka joto lifike digri 12. Lakini safari ilikuwa imekwisha kuahirishwa mara kadhaa, na watu wote walikuwa wakingojea, maana kati ya wasafiri alikuwamo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe, ambaye angewafundisha watoto toka juu. Wakubwa wa kiwanda wakaambiwa wafikiri tena. Wakajitenga, wakashauriana, wakarudi na neno la kukubali. Mafundi wakanyamazishwa.

Asubuhi, tarehe 28 Januari, joto lilikuwa digri 2. Chombo kikaondoka. Picha zilizotazamwa baadaye zilionyesha moshi mweusi ukitoka katika kiungo kimoja cha roketi ya kuume tangu mwanzo kabisa. Baada ya sekunde 73 chombo kilivunjika angani. Wote saba wakafa.

Tume ikawekwa kuchunguza. Mmoja wao alikuwa Richard Feynman, mwenye elimu kubwa ya mambo ya asili. Tarehe 11 Februari, mbele ya watu wote, alibana kipande cha mpira ule kwa koleo ndogo, akakitia katika bilauri ya maji ya barafu. Alipokitoa na kukifungulia, mpira haukurudi upesi katika umbo lake. Basi. Mpira uliogandishwa na baridi hauwahi kujisogeza penye nafasi wakati wa kufa na kupona. Vyombo hivyo havikuruka tena mpaka Septemba 1988, viungo vikiwa vimetengenezwa upya, na pete ya tatu imeongezwa.

7. Nani anayeona?

Ndugu wasomaji, linganisheni sasa mchungaji wa Lidia na asubuhi ile ya baridi. Gige alivaa pete ili matendo yake yasionekane. Wakubwa wale hawakuwa wauaji kama yeye, wala hawakutaka mtu afe. Lakini nao walifunikwa na namna ya pete: kiungo kilikuwa mbali na macho ya watu, barua za mafundi zilikaa ndani ya ofisi, mashauri yalifanywa usiku kwa simu. Mama wa mwalimu yule, aliyesimama akitazama juu, hakuweza kujua lolote juu ya pete ya milimeta 7. Mambo yote yalitegemea watu wachache wasioonekana: je, watasema kweli, hali hakuna wa kuwatazama?

Na swali hilo si la Amerika tu, wala si la roketi. Fundi aliye chini ya kamioni anaweza kurudisha pete yenye ufa, akaipaka mafuta ing'ae, akalipwa kama ametia mpya. Mwenye gari hataiona. Abiria walioketi juu ya magunia hawataiona. Itaonekana huko mbele, mteremkoni. Vivyo hivyo mwuguzi anayehesabu dawa peke yake usiku, karani anayeandika hesabu, mwashi anayechanganya saruji ya msingi utakaofunikwa kwa udongo. Wote hao wamepewa pete ya Gige bila kuiomba. Kila kazi ina mahali pake pasipoonekana.

Glaukoni alisema kwamba mahali hapo watu wote ni wamoja, mwema na mwovu. Sisi twajua kwamba si kweli, kwa kuwa tumewaona walio tofauti. Kijana yule wa gereji, tuliyemwacha chini ya kamioni, aliiona pete yenye ufa akaitupa. Hakuna aliyemsifu. Jioni kamioni ile ilishuka mlima imejaa watu na mihogo, ikasimama ilipotakiwa kusimama, na abiria wakaenda makwao bila kujua jina lake. Mungu anamjua.

Basi mkipita sokoni na kumkuta yule mwenye kitambaa, mwacheni na pete zake. Fedha hiyo nunueni kitu chenye kazi.